Nusu Kikombe cha Zuhura

Hadija na Skola, wadogo zangu,

Nimestaafu nina miaka thelathini na moja. Msicheke. Anayepikia watoto zaidi ya mia tatu kwa kuni miaka saba anazeeka kifua kabla ya uso. Daktari ameniambia niachane na moshi, na wazazi wamenichagua kuingia kamati ya shule, kwa hiyo Jumatatu mwiko ni wenu.

Mwalimu Mkuu aliniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu usafi wa jiko: kunawa mikono, kufunga kitambaa kichwani, kufunika ndoo. Hayo mnayajua, mmelelewa na mama zenu. Mimi nitaandika yale ambayo hakuniomba, na yeye akisoma atanisamehe.

Naanza na uji wenyewe, maana mtu akishindwa uji hana haki ya kuzungumzia mengine.

Unga usiumwage kwenye maji yanayochemka. Mwezi wangu wa kwanza nilifanya hivyo. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne nyumbani kwenye bahasha, nikaona kupika uji ni kazi ya mtu yeyote. Nikamimina unga, nikakoroga, nikapata mabonge makubwa kama ngumi za watoto. Bibi Mwanahawa, aliyekuwa mpishi mkuu wakati huo, akachota moja kwa upawa, akaliinua juu watu walione.

"Mama Neema, umesoma mpaka huko ulikosoma ili uje utupikie mawe?"

"Bibi, yataiva."

"Yataiva lini? Hawa wana mtihani mwezi wa kumi."

Yeye ndiye aliyenifundisha: unga unakorogwa kwanza na maji baridi kwenye ndoo mpaka uwe kama maziwa mazito, halafu unamiminwa polepole wakati maji ya sufuria yameanza kupata moto, hayajachemka. Mmoja anamimina, mwingine anakoroga, na mwiko ukwaruze chini muda wote. Mkisikia harufu ya kuungua, msikwaruze tena. Ondoeni kuni, hamisheni uji kwenye sufuria la pili, chini pabaki palivyo. Ukikwaruza ukoko ulioungua, watoto wote wanakunywa moshi, na jioni mama zao watakuja kukuuliza.

Kuni: chochote kikavu isipokuwa mkorosho. Na msije mkafanya kama mimi. Mwaka wangu wa pili mvua ilinyesha wiki nzima, kuni zikaloa, nikakumbuka nyumbani tuna maganda ya korosho tuliyobangua. Nikasema yale yana mafuta, yatawaka upesi. Yaliwaka kweli! Yalirusha cheche za moto, na moshi wake mweusi, mkali kama pilipili, ukaingia moja kwa moja darasa la kwanza. Watoto wakatoka mbio wanakohoa, na nusu yao wakaendelea kukimbia mpaka kwao wakidhani wamepewa ruhusa. Mimi macho yalinivimba siku mbili. Mtu aliyezaliwa na kukulia chini ya mikorosho huku Lionja, anawasha maganda ya korosho jikoni shuleni! Bibi Mwanahawa hakunitukana hata. Alikaa chini akacheka mpaka akajishika mbavu, na mimi ningependelea matusi.

Vikombe: mtaletewa kila aina. Kuna mwaka mtoto alikuja na jagi. Mwenzake kesho yake akaja na kopo la rangi lililokatwa. Nyie pimeni kwa upawa, msipime kwa chombo. Upawa mmoja uliojaa, basi, awe na jagi awe na kifuniko cha chupa.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nikae chini kuandika.

Mnajua uji wa shule unatoka wapi. Unatoka kwetu. Kila mzazi alete debe mbili za mahindi baada ya mavuno, watoto walete maji kwenye vidumu na kuni mojamoja, sisi tupike. Mwezi wa saba stoo inajaa mpaka mlango haufungi. Mwezi wa pili ukigonga pipa linajibu. Na kila mwaka kuna nyumba ambazo hazikuleta kitu.

Mwaka wangu wa tatu, kamati ikaamua kukomesha jambo hilo. Mzee Bakari, mwenyekiti wa kamati, akasimama kwenye mkutano na daftari mkononi: mtoto ambaye jina la mzazi wake halimo humu, hanywi uji. Atakaa upande wa goli mpaka wenzake wamalize.

Nataka mjue nilikuwa wapi wakati huo. Nilikuwa mstari wa mbele, na nilipiga makofi. Nilikuwa na hasira jamani. Mimi naamka saa kumi na moja alfajiri nawasha moto kwa ajili ya mtoto wa mtu, na huyo mtu yuko barazani anacheza bao, hajaleta hata punje. Tena wengine Desemba walifanya ngoma za unyago, wali kwa nyama siku mbili, spika mpaka kijiji cha jirani. Mtoto wa kuchezwa ana chakula, mtoto wa kusoma hana! Nilisema hivyo hivyo mkutanoni, kwa sauti, na nilikuwa namtazama Hamisi, maana ngoma ya binti yake mkubwa ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Hamisi ana binti mwingine, mdogo, anaitwa Zuhura. Alikuwa darasa la pili, dawati moja na Neema wangu.

Jumatatu ilipofika, daftari likaja jikoni. Nikawa naita jina, mtoto anakuja na kikombe, namwekea. Wengine wakawa kule golini. Wiki ya kwanza walikaa wanacheza, wiki ya pili wakawa hawachezi tena. Walikuwa wanakaa tu wanatuangalia. Na mimi nilijifunza kupakua bila kutazama upande ule. Hilo nalo ni ujuzi, na ninawaombea msiupate.

Siku moja nikamwona Neema anazunguka nyuma ya darasa na kikombe chake kimejaa. Nikamfuata. Nikawakuta yeye na Zuhura wamechuchumaa ukutani, Neema ameshakunywa nusu, anampa mwenzake nusu iliyobaki. Si mara ya kwanza, niliona. Zuhura alipokea bila kuuliza, kama mtu anayechukua zamu yake.

Nikampiga Neema mkono. Kikombe kikaanguka, uji ukamwagika mavumbini. Nilimpiga kwa sababu nilikuwa mpishi, na mtoto wa mpishi ndiye anayevunja sheria. Watasema nini? Watasema Mama Neema anapitisha uji kwa mlango wa nyuma. Niliogopa maneno ya watu. Halafu nikamgeukia Zuhura, na watoto wengine walikuwa wameshakusanyika, nikasema: "Na wewe, mwambie baba yako alete mahindi ndipo uje kunywa. Usiwafundishe wenzako tabia mbaya."

Alikuwa na miaka minane. Hakulia. Alichukua majani akaanza kufuta uji uliomwagikia mguu wa Neema.

Wiki iliyofuata hakuonekana. Mwalimu wa darasa akaita jina siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Neema akarudi nyumbani akaniambia, bila kunitazama, "Zuhura amepelekwa kwa bibi yake Nandagala. Anapalilia ufuta. Amesema harudi."

Nilimeza hilo kama siku kumi. Nilijiambia ni baba yake, si mimi. Lakini Neema alikuwa ameacha kuongea na mimi isipokuwa kujibu, na kila asubuhi alikuja kupokea uji, anakunywa nusu, nusu anaimwaga. Chini, mbele yangu. Nilimkaripia, akaendelea. Siku ya kumi na moja nikapanda bodaboda mpaka Ruangwa, nikachukua nyingine mpaka Nandagala.

Bibi yake Zuhura alikuwa anaanua makopa, ile mihogo iliyokaushwa, kutoka juu ya paa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa uji?"

Kumbe habari zangu zilikuwa zimenitangulia.

"Ndiye mimi, bibi. Nimemfuata Zuhura arudi shule."

"Arudi akawaangalie wenzake wakinywa?"

Nikaanza kueleza. Mkutano, kamati, debe mbili, wazazi wasiojali. Nilieleza vizuri, nimesoma. Yeye akaendelea kupanga makopa kwenye kikapu, halafu akaniuliza, taratibu kabisa:

"Desemba, kwenye ngoma ya dada yake Zuhura, ulikuja?"

"Nilikuja."

"Ulikula?"

"Nilikula, bibi."

"Na watoto wako?"

"Na wao."

"Na mumeo?"

"Naye."

"Mlileta nini?"

Mwezi ule hatukuwa na kitu. Korosho zetu zilikuwa bado ghalani hazijauzwa, tukaenda mikono mitupu, watu wanne, tukala siku mbili.

"Nani aliwauliza?" akasema bibi.

"Hakuna."

"Haya. Maji yako kwenye mtungi pale, kunywa, umetoka mbali."

Wadogo zangu, nimewahi kutukanwa na walevi, na afisa mmoja aliyekuja kukagua choo, na mama mkwe. Hakuna aliyewahi kunivua nguo kama yule bibi na maji yake ya mtungini.

Zuhura akarudi kutoka shambani, miguu imejaa udongo, jembe begani refu kuliko yeye. Nikamwambia twende nyumbani, uji utakunywa.

"Baba ameleta mahindi?"

"Hapana."

"Basi siendi, Mama Neema. Utampiga tena Neema."

Nikarudi peke yangu.

Jumatatu niliacha daftari mezani kwa Mwalimu Mkuu. Nikapika, nikaongeza maji, uji ulipoiva nikaita kwa sauti: wote! Wale wa golini hawakuinuka mara moja. Walidhani ni mtego. Ilibidi niende kuwashika mikono.

Mzee Bakari alifika kabla sufuria halijaisha.

"Mama Neema, hii ni nini?"

"Uji, mzee."

"Nauona uji. Nauliza wale wameitwa na nani?"

"Na mimi."

"Daftari linasema…"

"Daftari halishiki kikombe, mzee. Mimi ndiye ninayetazamana nao. Ukitaka sheria iendelee, upawa huu hapa, pakua wewe, uwafukuze wewe."

Akautazama upawa. Hakuushika. Akasema ataitisha kikao, akaondoka.

Sitawaficha: hasira hazikutoka kwake tu. Jioni ile mama mmoja, jirani yangu kabisa, alinisimamisha njiani. "Mimi nimetoa debe mbili mtoto wangu anywe maji kwa ajili ya mtoto wa Hamisi mcheza bao?" Alikuwa anasema kweli. Uji ulikuwa maji. Unga ambao ungefika Pasaka kwa walioruhusiwa, kwa watoto wote ulikuwa wa siku nane. Huruma yangu ilikuwa na siku nane, basi.

Nikamwendea Bibi Mwanahawa. Kwa wasiojua, Bibi yule mbali na jiko ni nyakanga, ndiye anayesimamia ngoma za unyago hapa kwetu tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta anasuka ukili, nikamwuliza kwa nini watu wale wale wanaokwepa shule, ngoma ikilia wanaleta.

"Ngoma gani imewahi kumwambia mtu alete mahindi tu?" akasema. "Mwenye mchele analeta mchele. Mwenye kuku, kuku. Asiye na kitu anatwanga, anateka maji, anacheza. Nyie wasomi mmeandika mahindi. Mwezi huu wa pili nani ana mahindi?"

"Hakuna."

"Watu wanakula nini majumbani?"

"Makopa."

"Daftari lenu lina mahali pa makopa?"

Halikuwa nalo. Jamani, sisi sote ni watoto wa wakulima wa muhogo. Mzee Bakari analima muhogo. Mimi jana yake nilikula ugali wa muhogo. Na hakuna hata mmoja wetu mkutanoni aliyesema neno makopa, kwa sababu tulidhani kitu cha shule lazima kiwe mahindi, kitu cha heshima. Tukawaadhibu watoto kwa kukosa kitu ambacho hata sisi hatukuwa nacho.

"Na jingine," akasema Bibi, "mmesoma majina ya wasioleta. Aliyeleta mmewahi kumwimbia?"

Ijumaa ile alituma neno kwa wanawake wote, wa kanisani na wa msikitini. Wakaja shuleni baada ya saa nne, kwa mstari, vikapu na nyungo vichwani, ngoma mbili mbele, kama wanavyokwenda kwenye nyumba ya mwali. Bibi akasimama kando ya sufuria. Kila anayetua mzigo, Bibi anaimba jina la nyumba yake, wengine wanaitikia na vigelegele. Hakujali kiasi. Mwenye kapu aliimbiwa, mwenye kibaba kimoja aliimbiwa vilevile. Wengine walileta makopa, wengine kunde, mmoja chumvi. Watoto walikuwa madirishani, na kila mmoja alikuwa anasubiri kusikia jina la kwao.

Mama yake Zuhura alikuja karibu na mwisho. Alikuwa na kibaba cha unga wa muhogo kwenye kitambaa. Alikiweka chini haraka, kama anayetaka kuondoka kabla hajaonekana. Bibi akamshika mkono, akaimba jina lake mara mbili.

Jumanne iliyofuata Zuhura alikuwa darasani. Hakuwa na kikombe. Neema alikuwa amechukua viwili kutoka nyumbani bila kuniambia, na mimi nilijifanya sikuona kabatini.

Basi ndivyo uji wetu ulivyokuwa wa muhogo na mahindi. Rangi yake kama majivu, lakini unashika tumbo. Mkipokea makopa, vunjeni kipande muonje. Kikiwa kichungu, rudisheni na mseme waziwazi; muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaumiza mtoto, hapo hakuna cha kuoneana haya. Msage pamoja, muhogo usizidi mahindi, vinginevyo uji unavutika kama gundi na watoto wanaanza kuuchezea.

Nisiwadanganye kwamba kijiji kilibadilika. Mwaka ule tulifika mavuno. Mwaka uliofuata wanawake walikuja mara mbili. Juzi juzi Bibi Mwanahawa miguu imemkataa, na ngoma imelia mara moja tu, mstari mfupi. Korosho zikianza kuanguka bado madarasa yanabaki nusu, watoto wako chini ya miti wanaokota. Walimu ni wachache, kisima kikikauka watoto wanatembea na vidumu saa nzima kabla ya somo la kwanza. Na kwenye mikutano bado wanasimama wanaume walioshiba kusema uji unadekeza watoto. Nimechoka kuwajibu nikiwa na masizi usoni huku nawahi sufuria. Sasa nitawajibu nimekaa kwenye kiti, na nina muda.

Maana daftari limerudi. Ndiyo sababu ya barua hii. Mzee Bakari ameshapumzika uenyekiti, aliyemfuata ni kijana, na kikao kilichopita alileta wazo jipya kabisa, eti watoto ambao wazazi wao hawajachangia wakae upande wa goli. Nilicheka mpaka akakasirika. Halafu nikamweleza haya niliyowaeleza nyie. Sijui kama amesikia. Nitapambana naye huko juu, lakini huko juu ni maneno. Uji unapitia mikononi mwenu. Akiwaletea orodha, mpeni upawa, mwambieni apakue mwenyewe. Akiushika, nitumieni mtoto, nitakuja mbio, kifua au hapana.

Zuhura sasa yuko darasa la sita. Anaongoza kwenye hesabu, na sauti yake ndiyo inayosikika kuliko zote wakiimba asubuhi. Jumatatu mtamjua. Atakuja foleni na Neema, mrefu, anacheka kwa sauti. Mtamjazia kikombe. Halafu mtaona anatoka pembeni, haketi na wenzake, anasimama mgongo ukutani, anakunywa nusu harakaharaka kama kuna mtu anakuja, na nusu anamnyooshea Neema, ambaye ana kikombe chake kimejaa.

Msimwambie kitu. Mimi ndiye niliyemfundisha kunywa hivyo.